Miezi kumi ugenini au miaka miwili nyumbani? Kuchagua pa kusomea uzamili wa hisabati

Ujumbe uliingia saa nne usiku. "Shikamoo mwalimu. Nimepata kote kuwili, Kigali na Mlimani. Naomba unisaidie, maana nyumbani kila mtu ana lake." Aliyeandika ni binti niliyemfundisha hisabati kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia, hisabati). Alikwenda kusoma shahada ya sayansi pamoja na ualimu, hisabati na kemia, akafundisha miaka mitatu kwenye shule binafsi, na sasa anataka kurudi kusoma uzamili. Kigali anakokusema ni AIMS, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati. Mlimani ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tulizungumza siku kadhaa, kwa simu na kwa maandishi. Karibu kila mwaka mtu mwingine huniletea swali hilohilo kwa sura nyingine kidogo, kwa hiyo nayaandika yote hapa. Nilisoma uzamili wangu hapahapa nchini kwa njia ya miaka miwili, na baadhi ya wenzangu niliohitimu nao walikwenda AIMS. Njia zote mbili nimeziona kwa karibu, na nina upande wangu, nitausema.

Kwanza jipime, ndipo ulinganishe vyuo

Watu huanza na jina la chuo na ada. Mimi nilimwuliza binti yule kitu kingine: digrii yako ya kwanza ilikuachia mapengo gani?

Digrii zetu hazilingani hata zikiwa na GPA moja. Aliyesoma hisabati peke yake amekaa nazo miaka mitatu mfululizo. Aliyezisoma pamoja na ualimu amegawa muda wake kati ya hisabati, somo la pili, saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na mazoezi ya kufundisha. Anatoka akiwa mwalimu mzuri, na nchi inamhitaji. Lakini anafika uzamili akiwa na kozi kadhaa pungufu, na zinazopungua mara nyingi ndizo zinazobeba nyumba nzima: uchanganuzi wa namba halisi, aljebra dhahania, topolojia. Kalkulasi anaijua vizuri. Kuandika uthibitisho wa kurasa mbili, kila mstari ukiwa na sababu yake, hajazoea.

Nilimpa maswali matatu ya kufanya usiku mmoja. Karatasi na kalamu, bila simu, bila desa.

La kwanza: thibitisha kwamba kila mfuatano wa namba halisi wenye mipaka una mfuatano mdogo ndani yake unaokaribia namba fulani. Hii ndiyo thiorema ya Bolzano na Weierstrass. La pili: ukiwa na homomofizimu kutoka kundi moja kwenda jingine, onyesha kwamba kundi la kwanza likigawanywa kwa kerneli yake lina muundo uleule wa taswira yake. La tatu: eleza kwa nini matriksi linganifu ya namba halisi inaweza daima kugeuzwa kuwa matriksi ya mshazari, kisha ufanye mfano mmoja wa tatu kwa tatu.

Hakuna swali la mtego hapo. Haya ni mambo ambayo mhadhiri wa uzamili, popote duniani, atayachukulia kwamba unayajua siku ya kwanza. Ukiyafanya yote matatu bila kutetemeka, milango yote nitakayoitaja hapa chini ni yako na unaweza kuchagua kwa mambo mengine. Ukifanya moja na nusu, kama alivyofanya binti yule, usivunjike moyo, ila ujue kwamba chaguo lako linabanwa na jambo hilo kuliko ada. Alifanya la tatu lote. La kwanza alianza vizuri kwa kukata kipande cha namba katikati mara kwa mara, kisha akashindwa kusema kwa nini vipande vile vinaishia kwenye namba moja. La pili aliandika maana ya kerneli na kuishia hapo.

Wiki inavyokwenda

AIMS ilianza mwaka 2003 Muizenberg, kitongoji cha pwani jijini Cape Town, kwa wazo la Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini. Baadaye vikafunguliwa vituo vingine: Senegal mwaka 2011, Ghana 2012, Kamerun 2013, Bagamoyo kwetu 2014, na Rwanda 2016. Kituo cha Bagamoyo hakikudumu, jambo ambalo bado linaniuma, kwa hiyo Mtanzania anayeitaka AIMS leo huvuka mpaka. Kigali ndiyo ya karibu zaidi. Ni safari ya basi kupitia Rusumo, na mwananchi wa Afrika Mashariki haombi viza.

Uzamili wao huchukua takriban miezi kumi na una hatua tatu. Miezi ya mwanzo ni ya stadi: kupanga na kutatua tatizo, kuandika programu kwa Python, kupanga maandishi ya kihisabati kwa LaTeX. Inafuata miezi ya kozi zenyewe, na hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kila kozi huchukua wiki tatu tu. Mhadhiri anakuja kutoka chuo fulani, labda Ulaya, labda Nigeria, labda Marekani, anaishi pale pale na wanafunzi, anakula nao, anafundisha wiki zake tatu, anaondoka. Anakuja mwingine. Kwa kawaida unachukua kozi mbili kwa wakati mmoja. Mwisho unapewa miezi michache ya kuandika kazi ya utafiti chini ya msimamizi, kisha unaitetea. Mkazo hauwi kwenye mtihani wa saa tatu ukumbini. Unapimwa kwa mazoezi ya kila wiki, kwa mawasilisho, kwa kazi mnazofanya pamoja.

Rafiki yangu aliyepitia huko alinisimulia kilichomgusa zaidi. Usiku wa manane, kwenye ukumbi wa kompyuta, unamkuta Msudani, Mmalagasi na Mkameruni wanabishana juu ya ubao mmoja. Unakwenda kunywa maji, unarudi, bado wanabishana. Katika miaka yake mitatu ya digrii hakuwahi kuona jambo hilo, kwa sababu sisi tulizoea kila mtu kukaa na karatasi za mitihani iliyopita na kuogopa sapu, mtihani wa kurudia. Kule alijifunza kusema "sielewi" mbele ya watu bila aibu. Nadhani hilo lina thamani kuliko kozi yoyote iliyo kwenye orodha.

Ila wiki tatu ni wiki tatu. Topolojia ya wiki tatu inakuonyesha mji kutoka kwenye dirisha la basi. Unajua uko wapi, unajua majengo makubwa, hujatembea mitaa. Kama uchanganuzi wako ni dhaifu tangu digrii ya kwanza, miezi kumi itakupa mwanga na ari na marafiki, na itakuachia kazi ya kuimarisha msingi mwenyewe baadaye.

Nyumbani mambo huenda taratibu. Mlimani, chuo kilichoanza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, uzamili wa kozi na tasnifu hupangwa kwa miaka miwili. Nairobi na Makerere nako hupangwa kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni kozi na mitihani ya muhula, wa pili ni tasnifu. Darasa la uzamili wa hisabati huwa dogo. Sisi tulikuwa wanne. Mhadhiri wa uchanganuzi alikuwa akitupa thiorema siku ya Jumatatu na kutwambia tuje tuithibitishe wenyewe ubaoni Alhamisi, wiki kumi na tano mfululizo. Nilishindwa mara nyingi mno. Mwisho wa muhula nilikuwa najua kipimo cha Lebesgue kwa mikono yangu mwenyewe, na mpaka leo sijakisahau. Sioni njia nyingine ya kuyajua mambo haya zaidi ya kuyarudia kwa muda mrefu, na muda huo njia ya miaka miwili inao.

Wahadhiri wa nyumbani ni walewale kwa miaka yote miwili. Ukipata wazuri, hiyo ni baraka. Ukikuta idara ambayo eneo unalolitaka halina mtu, hutalisoma, basi. Kuna ahueni moja ambayo wengi hawaijui: Mpango wa Hisabati wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, ulioanza mwaka 2002 kwa msaada wa Sweden kupitia Uppsala na kuziunganisha idara za Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, kisha Zambia na Rwanda. Wameendesha shule fupi za wiki kadhaa ambamo wahadhiri wa nje hufundisha aljebra, jiometri au uchanganuzi. Ukisoma nyumbani, ulizia shule hizo tangu muhula wa kwanza.

Msimamizi, hapa tutakaa kidogo

Ningekuwa na uwezo wa kumwambia kila mwombaji sentensi moja tu, ningemwambia amtafute msimamizi kabla ya kulipa ada.

Tasnifu yangu ilikuwa tayari mwezi wa Machi. Rasimu nzima nikaipeleka. Ilikaa mezani wiki kumi na moja. Nilipoipata, ilikuwa na masahihisho ya herufi kwenye kurasa sita za mwanzo, baada ya hapo hakuna alama hata moja. Sikusoma katika chuo nilichokitaja hapa, na simlaumu mtu kwa jina, kwa sababu najua alikuwa anafundisha kozi nne na kusimamia watu wengi. Lakini niliongeza muhula mzima, nikalipa ada ya muhula huo, na uthibitisho wa sura ya tatu, ambao ulikuwa na pengo, niliugundua mwenyewe baada ya kuhitimu.

Kwa hiyo ukiwaza njia ya nyumbani, fanya hivi. Nenda idarani kabla ya kujiandikisha. Ongea na wanafunzi wa uzamili wa mwaka wa pili, hao ndio wanaoujua ukweli. Waulize msimamizi fulani anarudisha rasimu baada ya muda gani, wangapi wamemaliza kwa wakati chini yake, na je, anasoma uthibitisho au anasoma utangulizi tu. Kisha mfuate mwenyewe ofisini kwa adabu, umwulize anafanyia kazi nini mwaka huu. Mwenye kazi ya kweli mikononi atakueleza mpaka usahau muda.

AIMS suala hili lina sura nyingine. Mhadhiri anaondoka baada ya wiki tatu, lakini kazi ya mwisho inasimamiwa na mtu aliyejitolea kwa mada mahususi, na tarehe ya kukabidhi haisogei. Hutachelewa mwaka. Upande wa pili ni kwamba kazi ya miezi miwili au mitatu haina kina cha tasnifu ya mwaka mzima. Mara nyingi ni kuelewa matokeo ya wengine na kuyaeleza upya vizuri. Kwa anayekwenda kwenye uzamivu, kule kuelewa na kueleza vizuri kunatosha kuwa daraja. Kwa anayetaka uzamili uwe kituo chake cha mwisho, tasnifu ndefu ya nyumbani humpa kitu cha kushika.

Na hapa niseme jambo kuhusu mada. Tasnifu nyingi za uzamili katika ukanda wetu ni za modeli za magonjwa: malaria, kipindupindu, Ukimwi, homa ya bonde la ufa. Chimbuko lake ni la heshima. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliandika hesabu za malaria zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mwaka 1927 Kermack na McKendrick wakaweka modeli ya kugawa watu kwenye makundi: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, waliopona. Unaandika milinganyo ya mabadiliko ya kila kundi, unatafuta R0, yaani mgonjwa mmoja huambukiza wangapi pale ambapo hakuna aliye na kinga, na unaonyesha kwamba ikiwa chini ya 1 ugonjwa unafifia. Kazi hii ikifanywa na mtu aliyepata takwimu halisi, tuseme kutoka Taasisi ya Afya Ifakara, na akauliza swali ambalo daktari wa wilaya analiuliza, ni hisabati nzuri na ina faida. Lakini nimesoma tasnifu kadhaa zinazochukua modeli ya zamani, zinaongeza kundi moja la "waliokaa karantini", zinarudia hatua zilezile na kuchora grafu. Mwandishi anatoka hajajifunza hisabati mpya wala hajajifunza ugonjwa. Ukipewa mada ya namna hiyo, uliza: takwimu zitatoka wapi, na ni thiorema gani sijaijua leo nitakayoijua nikimaliza? Kama majibu yote mawili hayapo, omba mada nyingine.

Fedha na kazi

Kwenye hili AIMS inashinda wazi. Ukichaguliwa, ada, malazi na chakula vinalipiwa, na nauli pia. Kuomba hakuna malipo. Wanataka digrii ya chuo kikuu katika hisabati au somo lenye hisabati za kutosha, fizikia na uhandisi zikiwemo. Ushindani ni mkubwa, lakini aliyekwishapata barua hana hesabu ngumu ya kufanya upande wa ada.

Nyumbani utalipa mwenyewe, au mwajiri, au mradi. Bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, tuliyozoea ya digrii ya kwanza usiitegemee. Ongeza chumba, nauli, uchapishaji, na ule muhula wa ziada ambao hakuna anayeupanga na wengi huulipa. Kinachopunguza makali ni kwamba unaweza kufundisha. Wenzangu wawili walifundisha masomo ya ziada jioni muda wote, wakasoma, wakala, wakatuma fedha kijijini. AIMS haina nafasi ya hilo. Unaishi mule ndani, unasoma mchana na usiku, na anayekutegemea nyumbani atasubiri miezi kumi. Mwenye mtoto mdogo au mzazi mgonjwa alipime hili kwa utulivu na familia yake, na asione aibu kuchagua kubaki.

Mwalimu wa serikali ashughulikie ruhusa ya masomo mapema, kwa maandishi, kabla ya kuondoka. Nimeona mtu akirudi na shahada na kukuta mshahara umesimamishwa. Wa shule binafsi, kama binti yetu, huwa anaacha kazi tu. Yeye mwajiri wake alimwambia nafasi haitamsubiri.

Cheti kikirudi nyumbani

Watu hulisahau hili mpaka siku ya usaili. Tanzania, shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe na kulinganishwa. Kwa hiyo kabla hujaondoka uliza cheti kitatolewa kwa jina la nani. AIMS ya Afrika Kusini, kwa mfano, huendesha uzamili wake pamoja na vyuo vikuu vya Cape Town, Stellenbosch na Western Cape. Vituo vingine vina mipango yao, na barua ya idhini ya nchi husika ni kitu cha kuomba na kuweka kwenye faili.

Kingine ni GPA. Matangazo ya kazi ya uhadhiri msaidizi kwenye vyuo vyetu mara nyingi hutaka GPA isiyopungua 4.0 ya uzamili, na 3.5 au 3.8 ya shahada ya kwanza. Uzamili wa nyumbani unakuja na namba hiyo kwenye kipimo cha 5, imekwisha. Alama za nje huja kwa mfumo mwingine, zikahitaji kutafsiriwa. Kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu Tanzania, na GPA yako ya kwanza iko 3.3, jua kwamba uzamili wa popote hautaifuta. Afadhali ulijue leo kuliko baada ya miaka miwili.

Kwa anayetazama uzamivu nje, hesabu inageuka. Kamati za huko husoma barua za wanaokupendekeza kuliko namba. Mwanafunzi wa AIMS amefundishwa na watu kumi na kitu wa vyuo mbalimbali, na mmoja wao akikukumbuka kwa swali ulilouliza saa sita usiku, barua yake ina uzito. Wenzangu waliokwenda AIMS na wakaendelea na uzamivu, wote mlango ulifunguliwa na mhadhiri aliyepita wiki tatu.

Juja, Trieste, Bonn

Nitaje na njia nyingine, kwa sababu mbili si zote.

Juja, barabara ya Thika nchini Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, iko taasisi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, kilicho chini ya Umoja wa Afrika. Wana uzamili wa hisabati wa miaka miwili, na wanafunzi wanaochaguliwa hupewa ufadhili wa Umoja wa Afrika. Kwangu mimi hii ndiyo inayokaribia kuunganisha mazuri ya pande zote: muda wa kutosha, fedha, na darasa lenye watu wa nchi nyingi. Inaelemea kwenye hisabati tumizi na takwimu. Mpenzi wa nadharia ya namba hatashiba hapo.

Trieste, Italia, kipo kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964, miaka kumi na mitano kabla hajapata Nobeli. Tangu 1991 wana diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na hisabati imo. Jina lake ni diploma, hivyo usiihesabu kama uzamili mbele ya mwajiri wa Dar es Salaam. Ni ngazi ya kupandia uzamivu, kali sana, wanachukua wachache, na wanagharimia. Aliyefanya maswali yangu matatu na kutaka mengine aombe bila kusita.

Bonn ni kwa huyohuyo. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Bonn uzamili wa hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, miaka miwili, na mji huo una Taasisi ya Max Planck ya Hisabati na mwanahisabati kama Peter Scholze, aliyepata medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2018. Tatizo ni viza. Lazima uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Bila ufadhili, kama wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, familia nyingi haziwezi. Wahadhiri kule hawasubiri mtu. Nimeona kijana mwenye GPA nzuri akipotea muhula wa kwanza kwa sababu alifika na kalkulasi tu.

Uingereza ni mwaka mmoja na ada yake ni nzito, usiende bila ufadhili wa Jumuiya ya Madola au wa Chevening. Marekani, kwa hisabati, mara nyingi hakuna haja ya kutafuta uzamili kabisa. Unaomba uzamivu moja kwa moja ukiwa na digrii ya kwanza, na idara hukulipa kwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Anayetaka takwimu na ujifunzaji wa mashine ana orodha nyingine. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha inastahili kuangaliwa, na AIMS wenyewe walianzisha Kigali mwaka 2018 uzamili wa akili ya mashine kwa msaada wa Google na Facebook. Lakini hapo unahama kidogo kutoka hisabati, na ni vema ukihama ujue umehama.

Nilichomwambia

Upande wangu ni huu. Mwenye msingi mwembamba na asiye na mtu wa kumlipia aende AIMS, na akitoka huko asijione amemaliza. Mwenye msimamizi aliyemwona kwa macho na kumwamini abaki nyumbani, hata kama rafiki zake wote wamepanda ndege. Mwenye msingi imara aombe Trieste na Bonn sasa hivi, huku akishika ya nyumbani mkononi. Na mtu wa kati, anayependa hisabati tumizi, asiipite Juja.

Binti yule hakuwa na msimamizi Mlimani, hakuwa amefika hata idarani. Hakuwa na wa kumlipia. Akachagua Kigali, na akaandika barua ya kuomba udahili wa nyumbani uahirishwe. Baba yake hakufurahi, alitaka abaki na kazi yake. Nilimpigia simu mzee, tukazungumza nusu saa, mwishoni akauliza kama Kigali kuna baridi.

Zimebaki wiki saba aondoke. Tulikubaliana kila Jumapili aniletee uthibitisho mmoja alioandika kwa mkono. Juzi alinitumia picha ya Bolzano na Weierstrass, kurasa mbili, mwandiko wake uleule wa kidato cha sita. Vipande vya namba amevikata katikati, urefu wake ameonyesha unakwenda sifuri, ncha za kushoto zinapanda, ncha za kulia zinashuka. Kisha mstari wa kumi na nne ameandika "kwa hiyo zinakutana kwenye namba moja". Nikamjibu kwa neno moja: "Kwa nini?" Baada ya saa mbili ikaja picha nyingine. Mstari wa kumi na nne umekatwa, na chini yake kuna mistari mitano inayoanza na ukamilifu wa namba halisi.